Cheti cha uuguzi, sauti ya wengi: Safari ya Megumi Hayashibara

MWAKA 1995 watoto na vijana wa Japani walisikia kwenye televisheni wasichana wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza, aliyeanza kuonekana Aprili, ni Lina Inverse wa katuni ya Slayers. Ni mchawi mdogo wa umbo, mpenda chakula na fedha, mwepesi wa hasira, na maneno ya uchawi wake huyamwaga kwa kasi kama mvua juu ya bati. Wa pili alikuja Oktoba. Huyo ni Rei Ayanami wa Neon Genesis Evangelion, anayeongea kama mtu aliye wodini usiku: maneno machache, sauti ya chini, haipandi wala haishuki.

Wote wawili walitoka koo moja. Mwenye koo hilo ni Megumi Hayashibara, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa pia mwimbaji mwenye albamu kadhaa, mtunzi wa mashairi ya nyimbo na mtangazaji wa redio. Na kabla ya hayo yote, alikuwa amesomea uuguzi hadi kupata leseni.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wazazi wengi huutumia msemo huo mtoto anapotaka kuchanganya shule na muziki, au masomo ya kazi na maigizo. Maisha ya mama huyu yanastahili kusomwa kando ya msemo huo, kwa sababu kuna mahali yanaukubali na kuna mahali yanaukataa.

Asubuhi uuguzi, pembeni sauti

Hayashibara alizaliwa Machi 30, 1967, katika wilaya ya Kita, jijini Tokyo. Alipomaliza sekondari aliingia chuo cha uuguzi. Kama ilivyo kwa wauguzi wengine, huko hakuna njia ya mkato: kuna darasa, kuna mazoezi wodini, na mwisho kuna mtihani wa taifa ambao usipoufaulu huruhusiwi kumhudumia mgonjwa.

Katika miaka hiyo hiyo alijiunga na mafunzo ya uigizaji wa sauti yaliyokuwa chini ya wakala wa Arts Vision. Hakuacha chuo ili afuate ndoto, wala hakuizika ndoto ili amalize chuo. Mwaka 1986 alipata nafasi zake za kwanza katika katuni ya Maison Ikkoku. Zilikuwa sauti ndogo ndogo, za kupita, ambazo mtazamaji hazikumbuki kipindi kikiisha.

Uuguzi aliumaliza na leseni akaipata. Kisha ikabidi achague, na akachagua kipaza sauti. Hapa wahenga wanapata haki yao: moja ilimponyoka. Lakini tofauti ipo kati ya kitu kinachokuponyoka ukiwa hujakimaliza na kile unachokiweka chini kwa hiari yako baada ya kukimaliza. Binti aliyeingia studio akiwa na leseni ya uuguzi kabatini alikuwa na mahali pa kurudi endapo milango ingefungwa.

Kazi isiyoonekana

Waigizaji wa sauti huitwa seiyuu kwa Kijapani, na ni taaluma kamili yenye shule, mawakala na viwango vyake vya malipo. Si kazi ya kuingia tu na kusoma karatasi.

Katika vipindi vingi vya katuni nchini humo, picha hutangulia na sauti hufuata. Waigizaji hukusanyika katika chumba kimoja mbele ya skrini. Vipaza sauti huwa vichache kuliko watu, hivyo kila mmoja lazima ajue lini asogee mbele, lini arudi nyuma ampishe mwenzake, na namna ya kufunua ukurasa wa maandishi bila karatasi kusikika. Mara nyingine picha zenyewe huwa hazijakamilika, na mwigizaji hulilia mistari ya penseli kana kwamba anamwona mtu.

Malipo ya chipukizi nayo si ya kutajirisha. Kiwango kinachojulikana cha anayeanza ni yeni 15,000 kwa kipindi kimoja cha dakika 30, awe ametamka maneno mia moja au neno moja tu. Ndiyo maana vijana wengi wanaoanza kazi hiyo huishi kwa vibarua vingine, na ndiyo maana wengi huishia njiani.

Hayashibara hakuishia njiani. Mwaka 1988 alipata nafasi ya kudumu ya Himiko katika katuni ya Mashin Hero Wataru. Mwaka uliofuata ukaja mlango mkubwa.

Nusu ya mtu mmoja

Ranma ½, iliyoanza kuonyeshwa Aprili 1989 kutokana na vitabu vya Rumiko Takahashi, ni hadithi ya kijana wa kiume aliyetumbukia katika chemchemi yenye laana. Tangu siku hiyo akimwagikiwa maji baridi hugeuka msichana, na akipata maji ya moto hurudi kuwa mvulana.

Kwa watazamaji ilikuwa kichekesho. Kwa waigizaji ilikuwa mtihani. Ranma wa kiume alipewa Kappei Yamaguchi, na Ranma wa kike alipewa Hayashibara. Watu wawili walitakiwa kuwa mtu mmoja, mwenye kiburi kile kile, utani ule ule na woga ule ule. Hayashibara hakuwa anaigiza msichana. Alikuwa anaigiza mvulana aliyenaswa katika mwili asioutaka, na ilibidi mtazamaji alisikie hilo kila Ranma anapofungua kinywa.

Katuni hiyo ndiyo iliyomleta kwenye muziki kwa nguvu. Waigizaji watano wa kike wa Ranma ½ waliunda kundi lililoitwa DoCo: Hayashibara, Noriko Hidaka, Minami Takayama, Rei Sakuma na Kikuko Inoue. Huko Japani ni jambo la kawaida mwigizaji kuimba kwa sauti ya mhusika wake, kana kwamba mhusika mwenyewe ndiye aliyeingia studio. Anayeweza kufanya hivyo ana faida mbili: ajira mara mbili, na kumjua mhusika kwa undani zaidi.

Kunyamaza nako ni kazi

Tukirudi kwa Rei Ayanami, huyo ndiye aliyelifanya jina la Hayashibara lijulikane nje ya mipaka ya nchi yake. Katika Evangelion, vijana wa miaka 14 wanaendesha mitambo mikubwa ya vita kulinda dunia. Mara ya kwanza tunapomwona Rei kwa karibu, analetwa juu ya kitanda cha magurudumu akiwa amefungwa bandeji, na bado anatarajiwa kwenda kupigana.

Mwigizaji aliyezoea kurusha sauti angeweza kushindwa hapo. Mkurugenzi Hideaki Anno alimweleza kwamba Rei si msichana asiye na hisia, bali ni msichana asiyezijua hisia zake. Tofauti hiyo ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa mno kooni. Asiye na hisia ni mashine. Asiyezijua ni mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kile kinachomuuma kina jina.

Ukimsikiliza Rei kwa makini utasikia kitu chini ya ule ubaridi, kama maji yanayopita chini ya mchanga. Watu waliliona hilo. Katika miaka iliyofuata katuni nyingi za Japani zilijaa wasichana wapole, wasiocheka, wa sauti ya chini, kila mmoja akiwa mjukuu wa Rei kwa namna moja au nyingine.

Kuna jambo lingine katika katuni hiyo ambalo wazazi wataliona haraka kuliko vijana. Hayashibara pia ndiye sauti ya Yui, mama mzazi wa kijana Shinji, aliyetoweka mwanawe akiwa mdogo. Rei na Yui wana uhusiano ambao hadithi inaufunua polepole, lakini masikio ya mtazamaji yamekwisha kudokezwa mapema: msichana anayekaa darasa moja na Shinji ana sauti ya mama yake. Na kwa mzaha, koo hilo hilo lilitoa pia milio ya Pen Pen, ndege wa nyumbani anayeishi ndani ya jokofu.

Muziki haukuwa kazi ya pembeni

Mwaka huo huo wa 1995, Hayashibara aliimba na Masami Okui wimbo wa kufungulia Slayers, Get along. Mwaka uliofuata akaimba peke yake Give a reason, wimbo wa kufungulia msimu wa pili wa katuni hiyo, ambao hadi leo mashabiki wengi huutaja kwanza wanapozungumzia muziki wake.

Katika miaka ya 1990 albamu zake chini ya King Records zilifuatana karibu kila mwaka. Mashairi mengi aliyaandika mwenyewe, akitumia jina la MEGUMI kwa herufi kubwa. Kwa hiyo mtu aliyenunua santuri yake alikuwa anasikia sauti yake na pia fikra zake, jambo ambalo katuni, yenye maneno ya mwandishi mwingine, haiwezi kumpa.

Nafasi ya tatu ilikuwa redio. Mwaka 1992 alianza kipindi chake cha Tokyo Boogie Night. Redio ni mahali ambapo mwigizaji wa sauti hana mhusika wa kujificha nyuma yake. Anasoma barua za wasikilizaji na kujibu kwa jina lake. Kipindi hicho kimevuka miaka 30. Wapo waliokiandikia wakiwa wanafunzi ambao sasa ni baba na mama wa watu.

Lakini kuna kitu ambacho mwimbaji huyu hakukifanya kwa muda mrefu: tamasha lake mwenyewe. Waimbaji wenzake walijaza kumbi, yeye akaendelea kutoa nyimbo, kuandika na kutangaza. Tamasha la kwanza lenye jina lake peke yake lilifanyika mwaka 2017, akiwa na miaka 50. Kwa nyota wa muziki huo ni umri wa kustaafu jukwaa. Yeye ndio kwanza alikuwa analipanda.

Musashi aliyefeli uuguzi

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wenye watoto wanaijua Pokémon, na wanamjua yule mwanamke wa nywele ndefu nyekundu wa kundi la wezi wasiofanikiwa. Kwa Kiingereza anaitwa Jessie. Katika katuni ya asili anaitwa Musashi, na tangu mwaka 1997 ni sauti ya Hayashibara.

Musashi hushindwa katika kila kipindi. Hupanga njama, huvaa nguo za kujibadilisha, hujisifu, kisha hulipuliwa angani akipiga kelele. Wiki ijayo anarudi na matumaini mapya kana kwamba jana haikuwapo. Watoto humcheka. Watu wazima waliowahi kupoteza mtaji na kuanza upya humwelewa.

Katika kipindi kimoja tunaelezwa maisha yake ya nyuma: aliwahi kutamani kuwa muuguzi wa Pokémon, akaingia shule iliyokusudiwa wanyama hao wenyewe na si binadamu, na hakufanikiwa kuhitimu. Hayashibara, mwenye leseni halisi ya uuguzi, ndiye aliyempa sauti mwanamke huyo anayekumbuka ndoto aliyoipoteza.

Januari 1999 akaongezeka Ai Haibara wa Detective Conan, mwanasayansi aliyekunywa sumu akarudi kuwa na mwili wa mtoto. Wanaofuatilia kazi yake walitabasamu: sauti ya Conan ni Minami Takayama, mwenzake wa kundi la DoCo, na Conan katika umbo lake halisi ni Kappei Yamaguchi, nusu yake ya Ranma. Haibara ni mhusika wa pembeni, lakini hajafifia. Mwaka 2023 filamu ya Conan iliyomweka yeye katikati ya hadithi ilivuka mapato ya yeni bilioni 10 nchini Japani, ya kwanza katika mfululizo huo kufika hapo.

Alipokuwa mama

Hayashibara aliolewa mwaka 1998. Januari 2004 alitoa albamu ya Center Color, na baadaye mwaka huo akajifungua binti. Albamu iliyofuata, Plain, mashabiki waliisubiri hadi mwaka 2007.

Katika kazi ya burudani miaka mitatu ni mingi. Kila mwaka shule za sauti hutoa mabinti wapya, wenye sauti mbichi na malipo ya chini. Mwanamke wa miaka 37 mwenye mtoto mchanga anayepunguza kazi anajua kwamba nafasi yake inaangaliwa na wengi.

Hakufunga mlango, ila aliuegesha. Haibara na Musashi walibaki naye, na redio ikaendelea. Nyimbo zikapungua. Familia yake aliiweka mbali na kamera, na hadi leo binti huyo hakugeuzwa kuwa sehemu ya biashara ya mama yake.

Na kazi haikumkimbia. Mwaka 2006 alikuwa sauti kuu katika Paprika, filamu ya Satoshi Kon iliyoshindanishwa katika tamasha la filamu la Venice. Humo anaigiza wanawake wawili walio mtu mmoja: Atsuko Chiba, daktari mtulivu na mkali, na Paprika, mwanamke mchangamfu anayeingia katika ndoto za wagonjwa ili kuwatibu. Mwaka 2007 Evangelion ilirudi kwa filamu mpya, na mwaka 2008 Slayers ikafufuliwa baada ya kimya cha zaidi ya miaka kumi kwenye televisheni. Katika zote mbili hakutafutwa mbadala.

Hapa ndipo maisha yake yanapoukataa ule msemo. Alishika zaidi ya mbili: uigizaji, nyimbo, kalamu, redio, ndoa na malezi. Vilivyobaki mikononi mwake vilibaki kwa sababu hakuvibana vyote kwa nguvu moja kila siku. Mwaka wa albamu ulikuwa mwaka wa albamu. Mwaka wa mtoto ukawa mwaka wa mtoto.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii

Yapo majumba ambayo usiku huu kuna ugomvi juu ya jambo hili. Binti anataka kuimba, baba anataka ada aliyolipa izae cheti. Kila mmoja anamwona mwenzake adui wa maisha yake.

Njia ya Hayashibara haimpi baba ushindi wote wala binti ushindi wote. Inamwambia binti kwamba kipaji hakiharibiki kwa kusubiri masomo yaishe. Kinaweza kulelewa jioni na mwisho wa wiki, katika mafunzo yenye mwalimu. Inamwambia baba kwamba mtoto akimaliza alichokubali kumaliza, uamuzi unaofuata ni wake. Cheti kilichobaki kabatini si hasara. Miaka ya kujifunza kukaa na mtu anayeumia, kumsikiliza asichokisema, haikupotea kwa mwanamke ambaye baadaye alihitaji kuongea kwa niaba ya Rei.

Inasema pia jambo moja kuhusu nafasi ndogo. Sauti za kupita za mwaka 1986 hazikumpa jina, lakini zilimpa mazoea ya chumba: kusogea mbele kwa wakati, kumpisha mwenzako, kutofanya karatasi ipige kelele. Watu aliopishana nao kwenye kipaza sauti mwaka 1989 ndio anaofanya nao kazi hadi leo.

Wahusika kama walimu

Mwaka 2021 ulikuwa wa kufunga mahesabu. Machi, filamu ya mwisho ya Evangelion ilitoka, na Rei aliyeanza kusikika mwaka 1995 akaagana na watazamaji. Mwaka huo huo katuni ya Shaman King, ambayo mwaka 2001 Hayashibara aliiimbia Over Soul huku akiwa sauti ya Anna, ilitengenezwa upya. Wimbo mpya wa kuifungulia, Soul salvation, ukapewa yeye tena, na Anna akabaki wake.

Ndipo pia alipotoa kitabu kuhusu wahusika aliowahi kuwaigiza na kile ambacho kila mmoja alimfundisha katika kuishi. Wengi wangetarajia nyota wa kiwango chake aandike jinsi alivyowapa uhai wahusika hao. Yeye aliandika kama mwanafunzi anayewashukuru walimu.

Oktoba 2024 Ranma ½ ilirudi kwenye televisheni, ikichorwa upya kwa ajili ya kizazi kingine. Kwa kawaida katuni ya zamani ikifufuliwa hutafutwa waigizaji vijana. Safari hii Kappei Yamaguchi aliitwa, Noriko Hidaka akaitwa, na maji baridi yalipomwagika, msichana aliyejitokeza alikuwa na sauti ile ile ya mwaka 1989. Mwenye sauti hiyo alikuwa na miaka 57, na mhusika wake bado ana 16.